Masharti ya ufuo na maji ya hifadhi Watamu: mgeni, mwenyeji na mwenye nyumba, sote yatushike

NahodhaWaWatamu

Salaam aleikum jamaa zangu. Jambo hili nimelala nalo tangu Jumamosi, na leo bahari imechafuka hatutoki, basi niliandike.

Jumamosi ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kukupwa sana. Maji yamekupwa hadi lile fungu la mchanga limebaki wazi, watu wametapakaa kila mahali na ndoo za watoto. Nilikuwa nimefunga mashua kwenye boya nikisubiri wageni wangu. Mbele yangu kulikuwa na familia moja, mtoto wa kike ameokota kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, wale wakubwa wa kijivu wenye miiba myekundu. Akampa kaka yake, kaka akampa mama, mama akampa shangazi, na kila mmoja akapigwa picha naye. Kisha wakamlaza juu ya mchanga mkavu karibu na mguu wa baba, wapime ukubwa. Nilipofika nikamgeuza. Vile vijiguu vyake vya chini, ambavyo akiwa majini huvichezesha kama nywele, vyote vilikuwa vimelegea. Nikamrudisha majini, nikachuchumaa naye pale kama dakika kumi. Hakushika mchanga tena.

Sikuwagombeza. Yule baba ni mtu mstaarabu, akaniuliza kwa upole: "Nahodha, imeandikwa wapi kwamba hatakiwi kushikwa?"

Nilikosa jibu la haraka. Imeandikwa, lakini penye lango ambalo yeye hakupita. Aliingia ufuoni kwa kichochoro cha nyumba aliyokodi. Siku hizi wageni wengi ni wa namna hiyo: hawakai hotelini, hawapiti langoni, hawapandi mashua yenye nahodha wa kuwaeleza. Basi leo nayaandika hapa, na sababu zake, maana sharti lisilo na sababu hakuna anayelishika.

Kwanza mjue mmesimama wapi. Hifadhi ya bahari ya Watamu na ile ya Malindi, hapa pwani ya Kenya, zilitengwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika. Ya Watamu ni kilomita za mraba 10 tu. Humo ndani hakivuliwi kitu: si kwa mshipi, si kwa dema (mtego wa kusuka), si kwa mkono. Kuzizunguka hifadhi zote mbili kuna eneo kubwa la akiba, kilomita za mraba 213, pamoja na hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Humo mvuvi anavua kwa zana zake za asili zinazokubalika. Ukimwona mtu anatupa mshipi Mida usimpigie kelele, yuko kwake. Ukimwona mtu anachokoa pweza kwenye mwamba ulio mbele ya hoteli za Turtle Bay, hilo ni jambo jingine.

Ukiingia na mashua au ukizamia kwa miwani ndani ya hifadhi, kuna kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kinalipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Mtu akikwambia "nipe mkononi nitapeleka mwenyewe", mshukuru, kisha ulipe mwenyewe kwa simu yako.

Kombe, kauri, matumbawe, hata lile jiwe jeupe lililokufa, yote yanabaki. Kombe tupu ni nyumba ya kaa anayehamahama. Akikua anatafuta kubwa zaidi, akilikosa anabaki uchi na kuliwa. Matumbawe usiyakanyage wala kuyashika. Yale ya mviringo kama mawe hukua sentimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo jiwe la urefu wa kichwa cha mtu mzima limechukua miaka ishirini hivi kukua. Kisigino kimoja kinatosha. Mwaka 1998 maji yalipata joto, matumbawe yakageuka meupe pwani yote hii na mengi yakafa. Joto hatuwezi kulizuia sisi wa mashua, lakini mwamba uliougua usiongezewe kisigino na nanga. Ndiyo maana tunafunga kwenye maboya, hatutupi nanga.

Mkate. Hili naliandika kwa uchungu kwa sababu nami niliubeba mashuani miaka mingi, mgeni anautupa, samaki wanajaa kama mvua, kila mtu anafurahi. Kumbe tunawaharibu. Wapo samaki ambao kazi yao ni kula majani yanayoota juu ya matumbawe. Wakishibishwa mkate wanaiacha kazi, majani yanaufunika mwamba. Na wale wakali wanawafukuza wanyonge. Nahodha akikupa mkate mwaka huu, urudishe kwenye kapu lake.

Chupa za plastiki za maji, mirija, vikombe na sahani za kutupa: tangu tarehe 5 Juni 2020 hizo ni marufuku ndani ya hifadhi, fukwe na misitu inayolindwa Kenya nzima. Njoo na chupa ya kujaza. Droni nayo ina kibali chake, usiirushe tu kwa kuwa unayo.

Pomboo wakija mashua inapunguza mwendo, haiwakati njia, haiwazunguki. Wakitaka kucheza watakuja wenyewe. Nyangumi wa wakati wa kusi, ule upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, vivyo hivyo, na zaidi akiwa na mtoto.

Sasa nije kwetu wenyeji na wenye nyumba, maana mgeni anakaa siku tatu anaondoka, sisi ndio tunaokaa.

Kasa. Jike anapanda usiku kwenye mchanga alikozaliwa au karibu na hapo, anachimba, anaweka mayai mia moja hivi, anafukia, anarudi. Mayai yanakaa kama miezi miwili. Watoto hutoka usiku, na dira yao ni moja tu: kufuata mwanga. Kwa asili upande wa bahari ndio wenye mwanga, nchi kavu ni giza. Mwaka jana nilipita alfajiri nikielekea mashuani nikakuta vijia vyembamba kwenye mchanga, kama mtu aliyeburuta shanga, vimetoka shimoni vikapinda vyote kuelekea nchi kavu. Nikavifuata. Vinapanda hadi kwenye ngazi ya nyumba moja ya likizo yenye taa kubwa nyeupe ya ulinzi inayomulika ufuo mzima. Chini ya taa ile niliokota kumi na sita wakavu, na wanane nikawapeleka majini ndani ya kofia. Siitaji nyumba. Mlinzi aliniambia ameagizwa taa isizimwe.

Mvuvi akikutwa na kasa mmoja atashtakiwa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na adhabu yake ni nzito, na mimi naiunga mkono. Lakini taa ile imeua wangapi, na nani aliyebisha hodi? Hapo ndipo kidonda changu kilipo. Masharti haya yanamshika haraka mwenye ngalawa, yanamfikia polepole mwenye ghorofa.

Mwenye maswali aulize, mwenye kunisahihisha anisahihishe.

KutokaUmojaNairobi

Nahodha asante sana. Sisi tulikuja Desemba na watoto, na nakiri kiti cha pweza tulimshika, hatukujua. Swali: ni kweli hata kumtoa kidogo tu kwa picha ni vibaya? Watoto wanajifunza kwa kugusa.

NahodhaWaWatamu

Ndugu yangu, usijilaumu. Yule anavuta pumzi kwa maji yanayopita kwenye ngozi na vijiguu vyake. Ukimtoa ni kama mtu akubane pua na mdomo halafu akuzungushe kwa watu saba. Mtu wa kwanza labda hatamuua. Wa thelathini siku hiyo hiyo? Fungu letu siku ya bamvua lina mamia ya watu, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Mfundishe mtoto hivi: mchuchumalie palepale, mtie miwani, uso ndani ya maji, atazame. Akitulia dakika mbili atamwona akitembea. Akimshika hatamwona akitembea kamwe.

MzeeDemaMayungu

Nahodha, mwanangu, umesema kweli, na mimi niongeze kwa upande wa wavuvi, maana tunasemwa sana.

Mimi nimevua miaka arobaini. Baba yangu alivua ndani ya mahali ambapo leo ni hifadhi. Mpaka ulipowekwa walilia, hawakuulizwa kama tunavyoulizwa sisi leo mikutanoni. Lakini niseme ukweli wa Mungu: dema zangu naziweka karibu na mpaka. Kwa nini? Kwa sababu samaki wanatoka humo. Tafi, pono, changu, wakijaa ndani wanamwagika nje. Na ule mwamba uliovuliwa kupita kiasi utaujua kwa miguu: umejaa wale viumbe wa duara wenye miiba myeusi inayochoma nyayo, kwa sababu kikande na samaki wengine wanaowala wamekwisha. Mwamba wa hifadhi hauna wengi hivyo. Mtu wa dema hahitaji kuelezwa na mwalimu, anaona.

Adui wetu ni juya, ule wavu wa kukokota. Linakokota kila kitu, mtoto na mama, na nyasi za baharini linang'oa. Limekatazwa, na bado wapo wanaolivuta usiku. Hao wakishikwa sina huruma.

Kilichonichoma ni kimoja. Mwaka mmoja boya la mpaka lilichukuliwa na kusi. Mimi nikaweka dema kwa kufuata alama zangu za nchi kavu, minazi na kilima. Nikashikwa, dema tatu zikachomwa. Dema moja naisuka siku nne. Sikuambiwa pole. Na siku ileile napita ufuoni naona ukuta wa mtu umeshuka mpaka maji yanapojaa, mawimbi yanagonga ukuta yanarudi yanabeba mchanga, ufuo pale umebaki mwamba mtupu. Kasa akija hana pa kupanda. Huo ukuta bado upo.

BintiTimboni

Mzee pole sana. Na hilo la ukuta watu wajue haki yao. Katiba ya 2010 kifungu cha 62 kinasema ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni mali ya umma. Hakuna mwenye hati ya pale. Mlinzi akikwambia "ufuo huu wa hoteli" mjibu kwa heshima, pita zako, mchanga ule ni wa mama anayekwenda kuchokoa sawa na mgeni aliyelala kitandani anaota jua.

Mimi natunza nyumba mbili za kukodisha, kwa hiyo niseme yangu. Wenye nyumba wengi wako mbali, Nairobi au Ulaya, na wanachotaka ni ufuo "msafi". Wakati wa kusi mwani unajaa, marundo hadi magotini. Naagizwa vijana waufagie, wauchome. Nilikuwa nikifanya hivyo mpaka nilipoelezwa kwamba ule mwani ndio unaoshika mchanga usichukuliwe, na ndani yake mna wadudu wanaoliwa na ndege. Siku hizi naokota plastiki iliyonaswa humo, mwani wenyewe nauacha. Wageni wawili walilalamika harufu. Niliwaeleza, mmoja akaelewa.

Mbwa pia. Mwenye mbwa amfunge usiku. Mbwa anafukua mayai ya kasa usiku mmoja tu, kazi ya miezi miwili imekwisha.

Na watu wa kwad (pikipiki za magurudumu manne) na magari: msishuke nayo mchangani. Tairi likipita juu ya shimo linashindilia mchanga, watoto wa kasa wanashindwa kutoka, wanafia ndani. Hata alama ya tairi ni shimo refu kwake, anaingia anazunguka humo mpaka jua linamkuta.

NahodhaWaWatamu

Mzee wangu, pole kwa dema. Ungeniambia wakati ule. Na umenikumbusha jambo: kasa akinasa kwenye nyavu zako au za jirani kwa bahati mbaya, msiogope. Local Ocean Conservation, shirika la kulinda bahari hapa Watamu, wana utaratibu wa miaka mingi, unawaita, wanakuja kumpima, wanamwachia, na mvuvi anapewa fidia ndogo ya muda na nyavu. Aliyejeruhiwa wanamtibu. Mvuvi asimfiche kasa kwa hofu ya kushtakiwa.

ChanguWaMafia

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Nimesoma uzi wote. Huku kisiwani Mafia, Tanzania, tuna hifadhi ya bahari tangu 1995, kilomita za mraba 822, na tofauti yetu na nyie ni kwamba sisi tunaishi ndani yake. Jibondo, Juani, Chole, vijiji vimo humo humo. Kwa hiyo huwezi kusema "marufuku kuvua" ukamaliza, watu watakula nini? Eneo limegawanywa madaraja: pana sehemu ya kiini isiyoguswa, pana sehemu ya matumizi maalumu, na pana sehemu ya matumizi ya kawaida. Ubishi haukosekani, lakini baruti ambayo zamani ilikuwa ikilia huku, wanakijiji wenyewe ndio waliochoka nayo.

Juani wageni wanapelekwa kuona watoto wa kasa wakitoka. Masharti ni makali na nawashauri myachukue: unasimama nyuma ya shimo, si kati ya shimo na bahari. Hakuna mwanga wa kamera. Humbebi mtoto kumpeleka majini kwa kumwonea huruma. Ile safari ya mchangani ni yake. Watoto wakiingia majini, nawe usiingie mpaka wamekwenda zao.

Kaka Nahodha, wale wanane uliowabeba kofiani sikulaumu, hao walikuwa wamepotea tayari.

KutokaUmojaNairobi

Tunarudi Agosti. Mida Creek ina masharti gani? Watoto wanataka mitumbwi.

BintiTimboni

Mida si mahali pa haraka, kaka. Ile hori yote ni mikoko: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana. Kukata bila kibali cha watu wa misitu ni kosa, na mikoko ya Kenya imekuwa chini ya serikali tangu 1932. Kuna madaraja ya mbao yanayopita katikati ya miti, yanasimamiwa na vikundi vya wenyeji, unalipa kidogo na pesa nyingine inakwenda kwenye karo za watoto wa shule zilizo karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Pitieni juu ya daraja, msishuke topeni kupiga picha. Ile miche midogo mnayoikanyaga imepandwa na kina mama kwa mikono yao.

Mtumbwi chukueni wa kijana wa huko, mwambie asiwasogelee ndege. Mkija baadaye, kuanzia Septemba na kuendelea, mtawakuta wengi waliotoka mbali. Wapo weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanakula kaa. Hao huzaliana kwenye mchanga wa Ghuba ya Uarabuni na Bahari ya Shamu, kisha wanakuja kukaa kwetu. Maji yanapojaa wanasimama pamoja mahali pamoja kupumzika. Ukiwarusha kila saa wanachoma mafuta waliyokuja kuyajaza.

MzeeDemaMayungu

Na Agosti ni kusi, mwanangu. Nje ya mwamba pana mawimbi. Usikubali kijana akupeleke nje kwa sababu ya pesa. Maji yetu hupanda na kushuka hadi mita nne siku za bamvua. Ukiwa umetembea hadi fungu la mbali na watoto, yakianza kurudi yanarudi kwa kupita nyuma yako kwanza. Muulize mtu saa ya maji kabla ya kutembea. Hilo halijaandikwa langoni lakini ni sharti kubwa kuliko yote.

NahodhaWaWatamu

Asante Mzee. Mtu asome hilo mara mbili.

Nimechora kwa mkono kibao kidogo cha Kiswahili, Kigiriama, Kiingereza na Kiitaliano: usimtoe majini, usichukue kombe, usilishe samaki, saa za maji muulize nahodha. Fundi ameahidi mbao. Nitaomba ruhusa kwa wahusika kisha kiwekwe kwenye kile kichochoro cha nyumba za kukodi ambako hakuna lango. Mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu ajitokeze.

BintiTimboni

Mwandiko niachie mimi.

Na nina habari. Baada ya kusoma uzi huu nilimwandikia mmoja wa wenye nyumba ninazotunza, nikamtumia yale maneno yako ya vijia kama shanga. Amejibu leo. Taa mbili za upande wa bahari zimezimwa, na ameniambia ninunue za mwanga mwekundu, zitazame chini, zikingwe upande wa ufuo.

NahodhaWaWatamu

Allah akulipe dada yangu. Na ya ngazini?

BintiTimboni

Ya ngazini fundi wa umeme anakuja Alhamisi. Kwa sasa nimeifunika kwa kikapu cha ukindu.